UZI: MRI ya kichwa ikitoka safi haina maana kwamba mgonjwa wa sonona anajifanya

#1 (Mleta uzi)

Habari za muda huu wakuu.

Kwenye hili jukwaa la afya kuna swali haliishi: "Hapa Dar ni wapi wanapima MRI ya ubongo, nataka kujua kama nina sonona." Wachangiaji wanamtajia hospitali, wanamtajia bei, anashukuru, anaondoka. Hakuna anayemwambia kwamba kipimo hicho hakitampa jibu analolitafuta.

Mimi kazi yangu ni radiografia. Ndiye ninayekulaza kwenye ile meza, nakuwekea vizuizi kichwa kisitikisike, nakupa kile kipira cha kubonyeza ukizidiwa, halafu naingia chumba cha pili kuendesha mashine. Nimeziona familia zikichangishana, nyingine zikiuza kiwanja, ili kijana wao aliyeacha kula na kulala apigwe picha ya kichwa. Majibu yanatoka: ubongo hauna tatizo. Ungetegemea watu wafurahi. Badala yake kijana anageukiwa hapo hapo kwenye benchi la kusubiria: "Umeona? Huumwi. Unajidekeza tu."

Hilo ndilo lililonileta. Picha ya ubongo iliyotoka safi haisemi kwamba mtu haumwi sonona, wala wasiwasi uliopitiliza, wala baipola (ugonjwa wa hisia kupanda juu mno kisha kuzama). Haisemi lolote kuhusu magonjwa hayo, liwe la kukubali au la kukataa. Nitaeleza sababu, na nitaeleza pia watafiti wa picha za ubongo wamefika wapi, maana ni kazi kubwa na mimi naiheshimu sana. Ni mrefu kidogo, tuvumiliane.

Mashine zenyewe kwanza

Watu wengi wanachanganya CT scan na MRI. CT inatumia mionzi ile ile ya eksirei ya kifua, ila inazunguka kichwa na kompyuta inaunganisha vipande kuwa picha moja. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya kichwa kwa CT jijini London mwaka 1971, na waliotuletea mashine hiyo, Godfrey Hounsfield na Allan Cormack, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1979. Cormack alizaliwa Johannesburg, na hesabu zake alianza kuzifikiria akiwa Cape Town. Nalitaja hili kwa sababu vijana wetu wanaosoma fizikia wanastahili kulijua. Kijana wa bodaboda akiletwa usiku kichwa kimegonga lami, CT ndiyo inayotuambia ndani ya dakika chache kama damu imevujia ndani.

MRI haina mionzi. Ni sumaku kubwa, na nyingi za hospitali ni za tesla 1.5, yaani kama mara 30,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia. Inazichezea chembe za hidrojeni zilizomo kwenye maji ya mwili wako, zinatoa mawimbi, kompyuta inayageuza kuwa picha. Ndiyo maana tunakuvua cheni na pete, na tunakusumbua na maswali kama una chuma chochote mwilini.

Hizi mbili, kwa jinsi zinavyotumika hospitalini kila siku, zinaonyesha umbo. Uvimbe, jeraha, maji kujaa kichwani, sehemu iliyokufa kwa kiharusi, usaha. Sonona haina umbo ambalo daktari wa radiolojia ataliona kwenye picha yako akaliandika kwenye ripoti.

Ile inayoonyesha ubongo "ukiwaka"

Zile picha zinazosambaa kwenye mitandao, ubongo wa kijivu wenye madoa ya rangi ya chungwa, upande mmoja "asiyeumwa" na upande wa pili "mwenye sonona", zinatoka kwenye MRI ya aina nyingine ambayo watafiti huiita fMRI. Mjapani Seiji Ogawa na wenzake walionyesha mwaka 1990 kwamba damu iliyopungukiwa oksijeni inavuruga kidogo uga wa sumaku, na mashine inaweza kuugundua mvurugiko huo. Kufikia mwaka 1992 makundi kadhaa Marekani yalikuwa yameshaitumia kwa binadamu. Sehemu ya ubongo ikifanya kazi, damu yenye oksijeni inamiminika pale kwa wingi, ishara inapanda.

Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Mashine haipigi picha ya wazo wala ya huzuni. Inapima damu. Tena ishara inachelewa, inafika kileleni kama sekunde 5 baada ya seli kufanya kazi, na badiliko lenyewe ni la asilimia chache tu. Kila kidoa kidogo unachokiona kimebeba seli za neva maelfu kwa maelfu. Rangi inawekwa na kompyuta baada ya hesabu ndefu, haiko kichwani mwa mtu. Ukipiga picha Kariakoo kutoka angani saa sita mchana utajua msongamano uko mtaa gani, ila hutajua nani kadhulumiwa na nani kapata faida.

Hata hivyo kuna mengi yamejulikana. Ndani ya ubongo, kila upande, kuna kitu kidogo chenye ukubwa wa kokwa ya lozi kiitwacho amigdala. Kinashughulika sana na hofu na kutambua hatari. Mwaka 2001 Yvette Sheline na wenzake waliwaonyesha wagonjwa wa sonona nyuso zenye hofu kwa muda mfupi kiasi kwamba mtu mwenyewe hajui ameona nini. Amigdala za wagonjwa zilishtuka kuliko za watu wasioumwa, na baada ya wiki kadhaa za dawa mshtuko ule ulipungua. Mimi niliposoma kazi ile mara ya kwanza nilikaa nayo muda mrefu. Mtu hajui ameona nini, lakini ubongo wake umeshaingiwa na hofu. Hebu mwambie mtu huyo "acha kuwaza".

Kuna hipokampasi, inayohusika na kumbukumbu, ambayo inaguswa sana na msongo wa muda mrefu. Kuna sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, inayosaidia kuzituliza hisia. Na kuna kaeneo kadogo kanakoitwa eneo la 25, chini katikati ya ubongo wa mbele, ambako daktari Helen Mayberg alikahusisha na huzuni nzito kwa miaka mingi. Watafiti siku hizi wanasema tatizo halikai sehemu moja. Ni jinsi sehemu hizi zinavyowasiliana.

Sasa kwa nini hatukupimi nayo?

Kwa sababu yote niliyoyataja ni wastani wa makundi. Chukua hipokampasi. Mwaka 2016 mradi wa kimataifa uitwao ENIGMA ulikusanya picha za wagonjwa 1,728 wa sonona na watu 7,199 wasioumwa. Wakakuta kweli, hipokampasi za wagonjwa ni ndogo zaidi. Kwa kiasi gani? Kama asilimia 1. Na ilionekana hasa kwa waliougua mara nyingi au walioanza wakiwa vijana wadogo. Asilimia 1 kwenye wastani ni taarifa muhimu kwa mwanasayansi. Kwako wewe uliyelala kwenye meza yangu haina kazi, kwa sababu tofauti kati ya mtu na mtu wote wakiwa wazima ni kubwa kuliko hiyo mara nyingi.

Mwaka 2022 Wajerumani wakaja na jibu zito zaidi. Walichukua watu 1,809, wagonjwa na wasioumwa, wakawapima umbo la ubongo, utendaji, mawasiliano ya sehemu zake, hadi mambo ya kurithi. Kwa kila kipimo wagonjwa na wazima walifanana kwa asilimia 87 hadi 95. Kompyuta ilipoambiwa ibashiri nani mgonjwa kwa kipimo kimoja kimoja, ilipatia asilimia 54 hadi 56. Ukirusha shilingi hewani unapata 50.

Wakuu, watafiti wenyewe ndio wanaosema hivi, kwenye majarida yao, kwa takwimu zao. Kwa hiyo mtu yeyote hapa mjini anayekwambia "njoo tukupige picha ya ubongo tuone kama una sonona" anakuuzia kitu ambacho sayansi bado haijakitengeneza.

Nitarudi kujibu maswali nikitoka zamu.

#2 (Mchangiaji)

Ahsante mkuu kwa darasa. Ila nina swali. Kama MRI haionyeshi sonona, mbona daktari alimwandikia mdogo wangu? Na ni daktari wa akili kabisa, sio wa mtaani. Alikuwa anasikia sauti na kabadilika ghafla tabia. Ina maana tulipigwa?

#3 (Mleta uzi)

Hapana mkuu, hamkupigwa. Umefanya vizuri kuuliza maana nisingependa mtu akatae kipimo anachokihitaji kwa sababu ya uzi wangu.

Daktari wa akili anaweza kuandika CT au MRI ili kuondoa magonjwa mengine yanayojifanya kuwa ya akili. Uvimbe kwenye ubongo wa mbele unaweza kumbadilisha mtu tabia akawa mzito, hajali kitu, ukadhani ni sonona. Kifafa kinachoanzia sehemu ya pembeni ya ubongo huweza kuleta hofu ya ghafla isiyo na sababu. Kuna maambukizi ya ubongo, hasa kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka. Dalili zinazotufanya tukimbilie picha ni kama hizi: tatizo limeanza ghafla uzeeni kwa mtu ambaye hajawahi kuwa nalo, mtu aliumia kichwa, anapata degedege, upande mmoja wa mwili umelegea, kichwa kinauma na kinazidi siku hadi siku, anachanganyikiwa hajui yuko wapi. Mdogo wako kubadilika ghafla na kusikia sauti ni sababu ya kutosha.

Mara nyingi hata kabla ya picha kuna vipimo vya damu vya bei nafuu vyenye msaada zaidi: wingi wa damu, sukari, tezi ya shingo, VVU, kaswende. Tezi ya shingo ikizembea mtu anachoka, ananenepa, anakuwa na huzuni, na sonona inaonekana pale pale. Inatibika kwa kidonge.

Kinachonikera ni picha isiyo na swali. Mtu anajipeleka mwenyewe, hana dalili yoyote kati ya hizo, anapigwa picha nzima ya kichwa. Kuna hatari ambayo watu hawaifikirii. Ukimpiga mtu picha bila sababu unaweza kukutana na kitu kisichohusiana na shida yake. Utafiti uliotoka mwaka 2007 kule Rotterdam uliwapiga MRI watu 2,000 wa kawaida wenye miaka 45 na kuendelea. Asilimia 7.2 walikuwa na alama za kiharusi kidogo ambacho wenyewe hawakujua wamekipata. Sasa fikiria mgonjwa wa wasiwasi, ambaye tayari halali kwa kuogopa kufa, unampa ripoti imeandikwa "kidoa kidogo, ushauri ni kufuatilia". Umemuongezea ugonjwa.

#4 (Mchangiaji)

Mkuu elimu nzuri ila tusidanganyane, mambo mengine ni ya kiroho. Shangazi yangu wa Mbagala alikaa ndani miezi, haogi, haongei, analia tu. Hospitali wakapima kichwa wakasema hana kitu. Kaombewa, leo anauza samaki zake Feri. Hayo mambo ya amigdala ni ya wenzetu.

#5 (Mleta uzi)

Nafurahi kusikia shangazi yuko salama na anafanya kazi zake, na sitabishana na maombi yaliyompa nguvu. Mtu mwenye sonona akizungukwa na watu wanaomwombea, wanaomshika mkono, wanaompikia, hilo ni jambo kubwa.

Ila kauli ya "hana kitu" ndiyo ninayoipinga tangu mwanzo. Aliyetoka kwenye mashine na majibu safi ameambiwa hana uvimbe wala kiharusi. Hajaambiwa haumwi. Mama aliyekaa ndani miezi, haogi, haongei, analia, alikuwa anaumwa, na ninaamini wewe uliyemwona unalijua hilo kuliko mashine yangu.

Jambo jingine, sonona huja kwa vipindi. Kipindi kinaweza kupita baada ya miezi, hata bila dawa, kisha kikarudi baada ya mwaka au miaka. Kwa hiyo ndugu yangu, muendelee kumwangalia. Akianza tena kukosa usingizi na kujitenga, mpelekeni kliniki mapema, na maombi yaendelee. Hakuna anayezuia hivyo viwili kwenda pamoja.

Kuhusu "ya wenzetu", amigdala unayo wewe na ninayo mimi. Kilicho cha wenzetu ni takwimu. Sehemu kubwa ya picha za utafiti zimetoka Ulaya na Marekani, huku kwetu mashine ni chache na nyingi ziko mijini, zinahudumia wagonjwa asubuhi hadi usiku, nafasi ya utafiti haipo. Hilo linaniuma. Inawezekana, maana Malawi walipata MRI pale hospitali ya Queen Elizabeth, Blantyre, mwaka 2008, na kwa kutumia mashine hiyo timu ya Terrie Taylor ilionyesha mwaka 2015 kwamba watoto wengi wanaokufa kwa malaria ya kichwa, ubongo huwa umevimba sana. Jambo hilo dunia nzima ililijifunza kutoka Afrika. Siku hizi kuna hata MRI ndogo za magurudumu zenye sumaku ya tesla 0.064, zinasukumwa hadi kitandani kwa mgonjwa. Natamani kuona watafiti wetu wa Muhimbili na vyuo vingine wakiuliza maswali ya sonona ya Mtanzania kwa mashine kama hizo.

#6 (Mchangiaji)

Naomba kuongezea, mimi ni nesi kliniki ya afya ya akili hapa hapa Dar.

Watu wakisikia "hakuna kipimo" wanadhani tunabahatisha. Hatubahatishi. Tunakaa na mgonjwa, tunamsikiliza, tunauliza na ndugu aliyemleta. Kuna dodoso la maswali 9, PHQ-9, limetafsiriwa kwa Kiswahili na limejaribiwa hapa Tanzania. Linauliza kuhusu wiki 2 zilizopita: hamu ya kufanya mambo imepungua? Unajisikia huzuni au kukata tamaa? Usingizi? Uchovu? Kula? Kujilaumu? Kushindwa kutuliza akili? Kuzubaa au kutotulia? Na la mwisho, mawazo ya kwamba afadhali ufe au ujidhuru. Kila swali alama 0 hadi 3, jumla 27. Akifika 10 na kuendelea tunachunguza zaidi, sio kwamba tayari ameshapewa jina la ugonjwa. Lile swali la mwisho likijibiwa ndiyo, hatumwachi aondoke hivi hivi hata kama jumla yake ni ndogo.

Halafu kuna swali ambalo MRI haitakaa iulize: "Kuna kipindi ulikuwa na nguvu kupita kiasi, hulali lakini huchoki, unatumia pesa hovyo, unaongea haraka, unajiona unaweza kila kitu?" Hapo ndipo baipola inapojitokeza. Ukimpa mtu wa baipola dawa ya sonona peke yake unaweza kumpandisha juu akavurugikiwa. Ndiyo maana tunasisitiza ndugu aje, kwa sababu mgonjwa mwenyewe kile kipindi cha juu anakikumbuka kama wakati mzuri wa maisha yake.

Dawa zipo, amitriptilini na fluoksetini ni za siku nyingi na bei yake si ya kutisha. Zinachukua wiki 2 hadi 4 kuanza kuonyesha mabadiliko. Wengi wanaacha wiki ya kwanza, wanasema dawa haifanyi kazi.

#7 (Mleta uzi)

Sista, ubarikiwe. Post #6 isomwe na kila mtu.

#8 (Mchangiaji)

Swali kwa mleta uzi. Kama baada ya miaka 30 na zaidi bado mashine inapatia asilimia 54, si wangefunga huo utafiti hela ziende kwenye dawa? Pia nilisikia kuna samaki aliyekufa walimpima wakakuta anawaza. Ni kweli?

#9 (Mleta uzi)

Ya samaki ni kweli, na waliofanya walikuwa na nia njema kabisa. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake walimweka samoni aliyekufa kwenye fMRI, wakamwonyesha picha za watu, wakachambua kwa njia iliyokuwa inatumiwa na wengi wakati ule. Sehemu ya kichwa cha samaki "ikawaka". Walitaka kuonyesha kwamba ukipima vidoa maelfu kwa pamoja bila kurekebisha hesabu, lazima vichache viwake kwa bahati tu. Mwaka 2016 Anders Eklund na wenzake, Uswidi, wakakuta kwamba programu maarufu za uchambuzi zilikuwa zinaweza kutoa majibu ya uongo hadi asilimia 70 mahali ambapo ilitakiwa isizidi 5. Mwaka 2022 kazi nyingine iliyotumia picha za watu kama 50,000 ikaonyesha kwamba kuhusisha ubongo na tabia kwa uhakika kunahitaji maelfu ya watu, wakati tafiti nyingi zilikuwa na watu kama 25.

Mimi sisomi haya nikavunjika moyo. Fani inayojikagua hadharani namna hii naiamini kuliko ile isiyokosea kamwe. Ndiyo sababu sasa wanakusanya watu wengi, Uingereza wamemaliza kuwapiga picha watu 100,000 mwaka 2025 kwenye mradi mmoja tu, UK Biobank.

Kufunga utafiti itakuwa kosa. Sikiliza kisa cha Mayberg. Alipoona eneo la 25 linachangamka kupita kiasi kwa wagonjwa waliozama kwenye huzuni na linatulia wakipona, alijiuliza: tukilituliza sisi wenyewe? Mwaka 2005 yeye na madaktari wa Toronto wakawawekea nyaya nyembamba za umeme ubongoni wagonjwa 6 ambao hakuna dawa iliyowasaidia. Wanne kati yao waliendelea kuwa na nafuu kubwa hata baada ya miezi 6. Jaribio kubwa lililofuata halikuonyesha tofauti iliyotarajiwa ndani ya muda uliopangwa, likasitishwa, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2017. Kazi haikuishia hapo, wanaendelea kuboresha ni wapi hasa waya upite. Bila picha, hakuna ambaye angejua pa kugusa.

Kuna njia nyingine isiyo ya upasuaji, sumaku inayopiga mapigo mafupi juu ya paji la uso. Marekani waliiruhusu kwa sonona mwaka 2008. Chuo cha Stanford wakatumia fMRI kutafuta mahali sahihi kwa kila mgonjwa mmoja mmoja, mapigo vipindi 10 kwa siku, siku 5. Kwenye jaribio lao lililochapishwa mwaka 2022, waliopata mapigo ya kweli asilimia 79 dalili ziliisha, dhidi ya 13 kwa waliopata ya bandia. Walikuwa watu 29 tu, kwa hiyo tusianze kushangilia mtaani, lakini ni wagonjwa ambao dawa zilikuwa zimeshindwa.

Na kuna swali ambalo mimi naona ndilo lenye faida kubwa kuliko kutafuta nani mgonjwa: mgonjwa huyu apewe nini? Mwaka 2013 timu ya Mayberg ilipima matumizi ya sukari kwenye ubongo kabla ya tiba. Wale ambao sehemu iitwayo insula ilitumia sukari kidogo walielekea kupona kwa tiba ya mazungumzo, wale ambao ilitumia nyingi walielekea kupona kwa dawa. Mwaka 2024 Stanford tena, kwa watu 801 wenye sonona na wasiwasi, walieleza makundi 6 ya ubongo yanayojibu tiba kwa njia tofauti. Haya bado ni ya maabara. Lakini fikiria mama wa Buguruni anayejaribishiwa dawa ya kwanza miezi miwili, ya pili miezi miwili, nauli kila mara, siku zote hizo anaumwa. Siku picha moja itakapomwambia daktari aanze na ipi, mimi nitaipiga hiyo picha kwa furaha.

#10 (Mchangiaji)

Wakuu nimesoma uzi wote na ninatetemeka. Kaka yangu ana miaka 26, mwaka jana kuna kipindi alikuwa halali, anaanzisha biashara tatu kwa mpigo, kakopa kila mahali. Sasa hivi miezi miwili yuko chumbani, hatoki. Mzee alilipia MRI, imetoka safi. Tangu siku hiyo Mzee hamsemeshi, anasema kamtia hasara na anajifanya ili asilipe madeni. Nifanyeje? Naanzia wapi?

#11 (Mchangiaji, nesi wa #6)

Pole sana mdogo wangu. Ulivyoeleza, kutolala, biashara tatu, mikopo, halafu kuzama, mueleze daktari kwa mpangilio huo huo. Usianze na huzuni peke yake, anza na kile kipindi cha mwaka jana. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu na wewe, Amana, Temeke au Mwananyamala, au Muhimbili ukiwa na rufaa, uulize dawati la mapokezi kliniki ya afya ya akili. Usimnunulie dawa yoyote ya sonona duka la dawa kwa sasa. Na muulize moja kwa moja kama ana mawazo ya kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo, watu wengi wanapumua wakiulizwa. Akikubali, msimwache peke yake na nenda naye leo hii, usisubiri siku ya kliniki.

#12 (Mleta uzi)

Fuata alivyosema sista. Kwa upande wangu nakuongezea machache.

Ile ripoti ya MRI msiitupe, na kama walikupa CD ichukue pia. Kliniki wataihitaji, itawaokolea muda na hamtaambiwa mrudie kipimo. Kwa maana hiyo hela ya Mzee haikupotea: imeshaondoa uvimbe na mambo mengine kwenye orodha, na daktari ataanzia mbele.

Kuhusu Mzee, usibishane naye nyumbani. Mwombe aende kliniki kama shahidi, kwa sababu yeye ndiye aliyeona yale madeni yakianza na tarehe anazikumbuka. Mwambie daktari anamhitaji baba. Akikaa pale, daktari atamsomea ripoti na kumweleza kwamba "ubongo hauna tatizo" pale pana maana ya umbo tu. Wazee wengi kauli hiyo wanaipokea kwa daktari kuliko kwa mtoto.

Andika kwenye karatasi: alianza lini kutolala, siku ngapi mfululizo, alikopa kwa nani, alianza lini kujifungia, kuna ndugu wa ukoo aliyewahi kuwa hivyo, anatumia kilevi gani. Nenda nayo. Ukikwama getini au mapokezi, andika hapa, mimi na sista tupo.